Shule ikizungukwa na maji, nyumbani tunafundisha nini?

 

Wiki hii nimepokea ujumbe wa mama mmoja wa delta, kule ambako mtu hushika kafi kabla ya kuvaa viatu. Ana binti wa darasa la tatu. Kwenda shule, binti huyo anavuka mkono wa mto kwa mtumbwi. Masika maji yakipanda, mama anasimama ukingoni mpaka mtumbwi uguse ng'ambo, ndipo anapumua na kurudi kwenye shughuli zake. Ameuliza hivi: "Mwalimu, mimi nilifika kidato cha pili. Kwa nini nisimtoe mwanangu shule kabisa nikamfundisha mwenyewe hapa nyumbani? Nasikia mijini wapo wanaofanya hivyo."

Swali lake nimelibeba siku tatu. Sitamcheka, wala sitamwambia kwamba hofu yake ni ya bure. Mto huo una viboko na mamba, na mimi mwenyewe nimewahi kuvuka nikiwa nimefumba macho. Jibu langu nitalitoa mwisho. Kwanza nataka niwasimulie yaliyonikuta nyumbani kwangu Kibiti mjini masika ya mwaka 2024, kwa sababu somo nililolipata siku zile sikulipata chuo cha ualimu.

Kengele ya sufuria

Wote mnakumbuka mafuriko ya Aprili mwaka ule. Maji ya Rufiji yalifunika mashamba na nyumba, Rufiji na Kibiti pia. Watu walihama na magodoro kichwani. Shule ya watoto wa mdogo wangu, huko delta, ilizungukwa na maji. Mdogo wangu na mume wake wakabaki kwa jamaa kwenye kilima na mtoto wao mchanga, wale wakubwa wawili wakaletwa kwangu: mvulana wa miaka 11 aliyekuwa darasa la nne, na dada yake wa miaka 9, darasa la tatu. Nikiongeza na wangu wa darasa la tano, nikawa na wanafunzi watatu.

Mimi nimefundisha darasa la kwanza na la pili kwa miaka mingi. Nikajiambia, hawa hawatapotewa na hata siku moja. Jumatatu ya kwanza nikagonga sufuria kwa mwiko saa mbili kamili asubuhi iwe kengele. Mlango wa chumba cha uani nikaufanya ubao. Nikabandika ratiba ya masomo saba, kila somo dakika 40, na fimbo nikaiegemeza pembeni. Nilisema ni ya kuonyeshea ubaoni, lakini watoto si wajinga.

Siku ya kwanza walikaa. Siku ya pili walikaa wakisinzia. Siku ya tatu nilipogonga sufuria, wangu alikuwa msalani na hakutoka, mvulana alikuwa juu ya mwembe wa jirani, na binti alikuwa anaosha vyombo. Huyo binti ndiye niliyemsahau kabisa. Kwa siku zote tatu alikuwa anaingia darasani kwangu amechelewa, kwa sababu kila palipokuwa na sahani chafu nilimwita yeye. Mimi mwalimu, mama mtu mzima, niliweka ratiba ya masomo saba na sikuona kwamba msichana pekee wa nyumba ndiye mwenye vipindi vichache kuliko wote.

Kufika Ijumaa sauti yangu ilikuwa imekauka na hakuna aliyejifunza chochote. Nikaacha. Nikasema wacha wapumzike, shule zitafunguliwa. Huenda ningebaki hapo, kama isingekuwa ile meseji.

Meseji ya saa sita mchana

Ilikuwa Jumanne. Nilikuwa nimekaa kwenye mbuzi nakuna nazi, mikono yote miwili imejaa. Simu ikalia mlio wa ujumbe. Nikamwambia mvulana, "Hebu nisomee, nadhani ni mama yako."

Akaichukua simu, akaitazama kwa utulivu, midomo ikicheza kama mtu anayesoma kimoyomoyo. Akasema, "Mama anasalimia. Anasema wote wazima."

Nikashukuru Mungu, nikaendelea na nazi yangu.

Saa mbili usiku nikashika simu nimtumie dada yangu salamu za usiku. Ndipo nikaiona ile meseji. Ilikuwa inasema hivi: "Dada mtoto ana homa tangu jana usiku anatapika nitumie nauli nivuke nimpeleke zahanati."

Ilikuwa imeingia saa sita mchana. Saa nane nzima mdogo wangu alikuwa amekaa na mtoto wa miezi minane mapajani, akisubiri jibu langu. Nilipompigia, simu yake ilikuwa imezima chaji. Nikatuma fedha usiku uleule kwenye simu ya jamaa wanaokaa nao, lakini mwenye mtumbwi hakukubali kuvuka gizani kwa sababu ya viboko, na simlaumu. Walivuka alfajiri. Mtoto alikutwa na malaria, akapata dawa, na leo anakimbia. Alhamdulillahi. Ila usiku ule sikulala.

Na yule mvulana? Nilitaka kumpiga, nawaambia ukweli. Nilimkuta uani amejikunyata, anajua kila kitu, kwa sababu alinisikia nikipiga simu. Nikakaa naye kwenye mkeka. Nikamuuliza kwa nini alinidanganya. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mama mkubwa, herufi mimi nazijua. Lakini zikikaa pamoja zinanikimbia."

Darasa la nne. Miaka 11. Hajui kusoma.

Na mimi mwalimu wa kusoma nilikuwa nimekaa naye wiki mbili sijui.

Alivyojificha

Nilianza kuchunguza nikashangaa jinsi mtoto anavyoweza kuficha jambo hili. Daftari zake zilikuwa na mwandiko mzuri kuliko wa mwanangu. Kumbe alikuwa ananakili ubaoni kama mtu anayechora. Kitabu cha Kiswahili cha shule alikisoma bila kukwama, ukurasa baada ya ukurasa. Kumbe alikuwa amekihifadhi kwa kuwasikia wenzake, na picha ndizo zilizomwonyesha yuko ukurasa gani. Madrasa ustadhi alimsifu kwa kuhifadhi sura haraka. Kumbukumbu yake ni ya ajabu, na kumbukumbu hiyo ndiyo iliyomfunika. Jioni dada yake alimnong'oneza majibu ya kazi za nyumbani. Binti alijua siku zote. Hakusema, kwa sababu alimpenda kaka yake.

Lini alipotea? Mdogo wangu alipokumbuka vizuri, jibu likawa wazi. Alipokuwa darasa la pili, familia ilihamia shambani msimu wa mpunga. Ninyi wa kwetu mnajua maisha ya dungu: mnapanda juu ya kibanda cha miti, mnakaa miezi, watoto wanafukuza ndege mchana na wakubwa wanalinda nguruwe usiku. Aliporudi darasani, wenzake walikuwa wameshavuka silabi. Hakuna aliyemrudisha nyuma. Akajifunza kujificha, na kila mwaka akapanda darasa.

Nawaambia haya kwa sababu sidhani kwamba yuko peke yake. Mtafiti wa Uwezo, ambao wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba nchini tangu mwaka 2010, humpa mtoto hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili tu na kumwomba asome. Na kila mara wanakuta watoto wa madarasa ya juu wasioweza kuisoma. Tulikuwa tunasikia habari hizo redioni tukitikisa kichwa, kama vile zinahusu watoto wa watu wengine.

Mpime mwanao leo jioni

Kabla hujafikiria kumfundisha mtoto nyumbani, iwe ni kwa mafuriko, kwa msimu wa shamba au kwa likizo, jua amefika wapi. Huhitaji karatasi ya mtihani. Fanya hivi:

Kwanza, mpe kitu ambacho hajawahi kukiona. Usimpe kitabu chake cha shule. Mpe kipande cha gazeti, maandishi ya kwenye mfuko wa unga, au meseji ya simu isiyo na siri. Asome kwa sauti.

Pili, panda ngazi polepole. Mwonyeshe silabi: ba, ke, lo, mu. Akiziweza, mpe neno zima. Akiliweza, mpe sentensi mbili. Akiziweza, mpe hadithi fupi. Pale anapokwama ndipo somo lako linapoanzia, hata kama sare yake inasema darasa la sita.

Tatu, akimaliza kusoma, muulize amesoma nini. Wapo wanaotamka vizuri lakini maana imebaki kwenye karatasi.

Na wewe mzazi ambaye hukubahatika kusoma, usiseme jambo hili halikuhusu. Funika picha kwa kiganja. Mwambie aanze kusoma neno la mwisho la mstari kurudi la kwanza. Aliyekariri atababaika papo hapo, na utamjua hata kama wewe mwenyewe huoni herufi moja.

Jambo moja tu nakuomba: akikwama, usimcheke na usimwite mjinga mbele ya wadogo zake. Ukimwaibisha leo, kesho atajificha vizuri zaidi.

Nusu saa inatosha

Baada ya usiku ule niliitoa ratiba ya masomo saba ukutani. Kengele ya sufuria ikarudi kupika wali. Tukaanza upya na nusu saa kila siku, baada ya chai ya asubuhi, kwenye mkeka.

Nilikata boksi la sabuni vipande vidogo, nikaandika silabi. Kiswahili kimeturahisishia sana jambo hili. Irabu ni tano tu, a, e, i, o, u, na kila moja ina sauti yake ileile popote inapokaa. Mtoto akishaielewa ma, me, mi, mo, mu, hawezi kuikuta kesho imebadilika. Kwa hiyo anayeanza amechelewa anaweza kufukuzia wenzake, mradi asirukishwe hatua.

Maneno ya kwanza sikumpa "baba" na "kiti". Nilimuuliza yeye anataka kuandika nini. Akasema: kamba, kaa, wavu, dau, mjomba. Mjomba wake anavua kamba, na ndoto yake yote iko huko. Tukapanga vipande: ka-mba. Wa-vu. Da-u. Wiki ya pili tukaingia kwenye sauti ngumu: mw, ny, sh, ch, dh, gh, na ile inayowasumbua wengi, ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma. Kila siku silabi chache, kisha sentensi moja anayoitunga yeye mwenyewe, naiandika, anaisoma. Mtoto hupenda kusoma maneno yaliyotoka kinywani mwake.

Nilimpa dada yake kazi ya kuwa mwalimu msaidizi, tena rasmi, mchana kweupe, badala ya kunong'ona. Vyombo tukagawana kwa zamu, mvulana siku yake na wangu siku yake. Alilalamika wangu wiki nzima. Akazoea.

Ukiniuliza siri ni nini, nitasema ni hii: kila siku, muda uleule, mfupi, na mtoto aondoke bado anataka. Saa tatu za Jumamosi zenye makelele hazifikii nusu saa sita za wiki.

Hesabu ziko majini

Wapo wazazi watasema, sawa, kusoma nimeelewa, hesabu je? Wenzangu wa delta, ninyi mmezungukwa na hesabu kuliko mtoto wa ghorofani Dar es Salaam.

Anzeni na miti ya mikoko iliyouzwa kwa korija. Korija moja ni 20. Korija tatu na miti saba, jumla mingapi? 67. Ukigawa kwa watu wanne, kila mmoja anapata mingapi na ingapi inabaki? 16, inabaki mitatu. Hapo umefundisha kuzidisha, kujumlisha na kugawanya bila chaki.

Kuna pishi na kibaba. Vibaba vinne ni pishi moja. Mkipika vibaba sita, mmetumia pishi ngapi? Moja na nusu. Hizo ndizo sehemu ambazo watoto wanaziogopa darasani.

Kuna mizani ya mnunuzi wa kamba. Tuseme bei ni shilingi 12,000 kwa kilo, na mzigo ni kilo tatu na nusu. Mtoto apige kabla mnunuzi hajasema: 42,000. Mwache ashike daftari la mauzo ya wiki. Mjomba mmoja aliniambia tangu mpwa wake aanze kuandika, na yeye ameanza kulala vizuri.

Na kuna maji yenyewe. Kila mvuvi anajua kwamba maji hayajai saa ileile kila siku, yanachelewa. Kwa wastani ni kama dakika 50. Yakijaa leo saa 10 alfajiri, kesho yatajaa karibu saa 10 na dakika 50. Baada ya siku saba yatakuwa yamechelewa dakika 350, yaani saa tano na dakika 50, kwa hiyo yatajaa karibu saa 3 na dakika 50 asubuhi. Mwambie mtoto aandike kila siku kwa wiki mbili, aweke na umbo la mwezi. Ataona mwenyewe kwamba bamvua huja mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na maji mafu huja mwezi ukiwa nusu. Hiyo ni sayansi kamili.

Sayansi nyingine imesimama mbele ya mlango. Msitu wa mikoko wa delta ya Rufiji ndio mkubwa kuliko yote ya mwambao wa Afrika Mashariki. Mtoto wa huko ajue kutofautisha mkoko, mchu, mkandaa, msinzi, mlilana na mkomafi. Mizizi ya kila mmoja inapumuaje, majani yapi yana chumvi, kamba wadogo wanajificha wapi. Achore, aandike jina chini.

Na historia? Mpeleke kwa bibi. Amuulize mafuriko ya El Nino ya 1997 na 1998 maji yalifika mti gani. Amuulize mwishoni mwa miaka ya 1960, serikali ilipowahamisha watu kutoka bondeni kwenda juu, wao walihamia wapi na waliacha nini. Kisha mwambie kwamba humuhumu kwenye vijito, mwaka 1914, ilijificha manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg, Waingereza wakaisaka kwa miezi mpaka mwisho wake ulipofika Julai 11, 1915. Mtoto akijua vita vya dunia vilifika kwao kijijini, hatasema tena historia ni somo la kukariri.

Mkienda naye shambani

Najua mtaniambia, mwalimu, wewe unakaa mjini kwenye umeme. Sisi tunakwenda dungu miezi, au tunakwenda dago na wavu. Nimewasikia. Haya ndiyo nimeyakusanya kwa wazazi waliojaribu:

Kabla hamjaondoka, nenda kwa mwalimu mkuu. Usiondoke kimyakimya. Mwambie mnakwenda wapi na kwa muda gani. Omba mada zitakazofundishwa. Uliza kama kuna shule karibu na shamba inayoweza kumpokea mtoto kwa muda. Na kama mtoto anaweza kubaki kijijini kwa bibi au kwa shangazi aendelee na shule, hilo ni bora kuliko yote yanayofuata.

Kama simu yako ina kamera, piga picha kurasa za vitabu vya mwezi mzima kabla ya safari. Picha hazili bando. Mkiwa mahali penye mtandao mzuri, Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada vya shule zetu. Na wenye redio au televisheni, vipindi vya Ubongo Kids vinavyotengenezwa Dar es Salaam vinafundisha hesabu kwa Kiswahili, watoto wakidhani wanacheza.

Shambani, tumieni mchana. Kweleakwelea hushuka sana asubuhi na jioni. Jua likiwa kali ndege hupumzika. Saa hiyo chini ya dungu pana kivuli na pana utulivu. Nusu saa ya daftari hapo. Usiku msisome kwa kibatari karibu na makuti.

Penseli mbili, daftari mbili za mistari na moja ya hesabu, vipande vya boksi kwenye mfuko wa nailoni visilowe. Mzigo huo hauzidi kilo moja.

Na msichana asiachwe. Narudia kwa sababu nililikosea mwenyewe. Dungu lina kupika, kuchota maji, kubeba mtoto. Ukitazama nani hajashika penseli wiki hii, mara nyingi utamkuta ni yeye.

Je, umtoe kabisa?

Sasa mama yangu wa ng'ambo ya mto, nakujibu.

Usimtoe. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto na ahakikishe anahudhuria elimu ya msingi. Hilo tu lingetosha. Lakini nina sababu nyingine. Mtihani wa taifa mtoto huufanya kupitia shule iliyomsajili; akikaa kwako miaka minne na akawa hodari kuliko wote, bado atahitaji mlango wa kupitia. Tena wewe una shamba, una wadogo zake, una mume anayekwenda baharini. Wiki ya kwanza utafundisha kila siku. Mwezi wa tatu nyavu zitakuita. Nilikuwa na chaki, nina cheti cha ualimu, na nilishindwa siku ya tano.

Hofu yako ya mtumbwi nayo ifanyiwe kazi, isiachwe kuwa yako peke yako. Itisheni kikao na kamati ya shule na mwenyekiti wa kijiji. Mkubaliane mtu mzima mmoja mwenye kafi, anayejulikana, kwa zamu au kwa malipo ya kuchangishana. Idadi ya watoto kwenye mtumbwi iandikwe na isizidishwe. Changishaneni majaketi ya kuokolea. Na kuwe na kanuni iliyo wazi kwa walimu na wazazi: maji yakifika alama fulani, siku hiyo hakuna kuvuka, na mtoto hatachapwa wala kuandikwa mtoro. Siku hizo ndizo zako. Siku hizo nyumba yako iwe darasa, na kwa kidato chako cha pili unatosha kabisa.

Kwa walio na watoto waliokwisha kuacha: mlango haujafungwa. Upo mpango wa MEMKWA kwa waliokosa elimu ya msingi kwa wakati wake, ulizeni ofisi ya elimu ya kata. Na tangu Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wanafunzi walioacha shule, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito, wanaruhusiwa kurudi. Msiwafiche ndani.

Yule mvulana

Mtauliza aliishia wapi.

Maji yalipopungua na shule ikafunguliwa, baba yake alikuja kuwachukua. Shemeji yangu ni mtu mwema lakini alikuwa amekata tamaa. Alisema, "Shemeji, huyu tumwache akavue na mjomba wake. Miaka yote hii hajui kusoma, atajua lini?" Sikubishana naye. Nilimwita mvulana, nikampa mfuko wa dawa aliyokuja nayo baba yake, ambao hakuwahi kuuona. Akasoma polepole, kidole chini ya mstari, "Kunywa kidonge kimoja mara mbili kwa siku baada ya chakula." Akakwama kwenye "kidonge", akarudi, akalipata.

Shemeji aliuchukua ule mfuko akautazama yeye mwenyewe kwa muda. Hakusema kitu. Kesho yake watoto wote wawili walirudi shule.

Sitawadanganya kwamba aliongoza darasa. Alirudia darasa la nne, na lilimuuma. Bado anasoma taratibu. Siku za mapumziko huenda kuvua na mjomba, na daftari la mauzo analishika yeye.

Mwezi uliopita simu yangu ililia nikiwa tena kwenye mbuzi ya nazi. Safari hii nilinawa mikono kwanza, nikasoma mwenyewe. Ilitoka kwa namba ya mdogo wangu, lakini mwandishi hakuwa yeye:

"Mama mkubwa shikamo. Mtoto mzima. Mama mzima. Kamba wamepanda bei."

Herufi moja imepungua kwenye shikamoo. Nilimpigia nikamwambia. Akacheka, akasema ataiongeza.

Wazazi wenzangu, jioni ya leo mpeni mtoto kipande cha gazeti. Dakika tano tu. Mkikuta jambo, msipige, msilie. Niandikieni. Wiki ijayo tutazungumzia mtoto anayesoma vizuri lakini anachukia hesabu, na babu mmoja wa Mbwera atatufundisha mchezo wa bao.